John Bunyan: askari wa zamani, fundi wa masufuria, baba wa familia

Masomo: Yeremia 49:11, Matendo ya Mitume 18:1-4, Waefeso 2:11-18

Jina la John Bunyan linajulikana katika makanisa yetu kwa sababu ya kitabu kimoja, Safari ya Msafiri. Wazee wengi walikisoma katika shule za misheni. Wamisionari walikitafsiri katika lugha zipatazo themanini za Afrika, na Kikongo ni mojawapo. Tunamjua Mkristo mwenye mzigo mgongoni, tunajua tope la kukata tamaa, mlango mwembamba na mto wa mwisho. Lakini mtu aliyeandika hayo wengi hawamjui. Hakuwa profesa wala mtoto wa mkubwa. Aliingia vitani akiwa na miaka 16, akaziba masufuria yaliyotoboka ili apate chakula, akaoa mara mbili, akalea mtoto kipofu, akakaa gerezani miaka 12. Tumtazame mtu huyo leo, kwa sababu katika maisha yake kuna mambo ambayo kanisa la nchi yetu linayahitaji sana.

Mtoto wa fundi

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, nchini Uingereza. Alibatizwa tarehe 30 Novemba ya mwaka huo. Baba yake Thomas alikuwa fundi wa vyombo vya chuma na shaba. Kazi ya namna hiyo tunaijua hata kwetu: fundi anabeba vyombo vyake, anapita kijiji kwa kijiji, mama anamletea sufuria inayovuja, anaiziba, anapewa pesa kidogo, anaendelea na njia. Haikuwa kazi ya heshima. Watu waliwahesabu mafundi hao pamoja na watembezi wasio na makao, ingawa baba yake Bunyan alikuwa na nyumba yake Elstow.

Wazazi wake walimpeleka shuleni kidogo, akajifunza kusoma na kuandika, kisha baba akamtoa ili amsaidie kazi. Hapo masomo yake yaliishia. Kijana alijifunza kupuliza moto, kuyeyusha risasi ya kulehemu, kupiga bati mpaka linyooke. Pia alijifunza kutukana na kuapa, hata akajulikana kijijini kwa ulimi wake mchafu.

Mwaka 1644 ulikuwa mwaka wa maombolezo. Mwezi wa Juni mama yake Margaret alifariki. Mwezi wa Julai dada yake, ambaye naye aliitwa Margaret, alimfuata mama kaburini. Mwezi wa Agosti baba yake akaoa mke mwingine. Miezi mitatu, na nyumba ikawa si ile tena. Mwezi wa Novemba, John alipotimiza miaka 16, akaenda jeshini.

Askari wa miaka 16

Uingereza wakati huo ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vilianza mwaka 1642 kati ya mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Ndugu walipigana na ndugu, kijiji na kijiji, na pande zote mbili zilimwomba Mungu yuleyule ushindi. Bunyan aliwekwa katika jeshi la Bunge, kwenye ngome ya Newport Pagnell, chini ya mkuu aliyeitwa Samuel Luke. Jina lake limo katika orodha za askari wa ngome hiyo. Mishahara ilichelewa, chakula na mavazi vilikuwa haba.

Kuhusu vita vyenyewe Bunyan hakuandika mengi baadaye. Lakini jambo moja hakulisahau. Siku moja alichaguliwa kwenda pamoja na wengine kuuzingira mji. Alipokuwa tayari kuondoka, askari mwenzake akaomba aende mahali pake, naye akakubali. Yule mwenzake akasimama zamu, akapigwa risasi ya kichwa, akafa. Bunyan hakutaja jina lake. Alijua tu kwamba mtu alikufa mahali ambapo yeye alipaswa kusimama. Wakati huo, anavyosimulia, jambo hilo halikumgeuza moyo. Alirudi kwenye maisha yake yaleyale. Miaka mingi ilipita kabla hajaelewa kwamba Mungu alikuwa amemhifadhi.

Mwaka 1647 aliachiliwa kutoka jeshini, akarudi Elstow. Alikuwa bado hajafikisha miaka 19, bila mali, bila elimu zaidi. Hakuna aliyemtayarishia maisha mapya. Alichokuwa nacho ni kazi ya baba yake. Fuawe lenye jina lake na mwaka huohuo wa 1647 limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Bedford. Kijana aliweka silaha chini, akashika nyundo.

Mke, vitabu viwili na mtoto kipofu

Yapata mwaka 1649 alioa. Jina la mke wake wa kwanza halikuandikwa popote. Tunajua kwamba alikuwa binti wa mtu mcha Mungu na kwamba wote wawili walikuwa maskini. Bunyan anaeleza kwamba walianza maisha bila hata sahani wala kijiko. Lakini bibi arusi alileta vitabu viwili alivyoachiwa na marehemu baba yake: Njia ya Mtu wa Kawaida Kwenda Mbinguni, cha Arthur Dent, na Zoezi la Utauwa, cha Lewis Bayly. Mahari hakuleta, vyombo hakuleta, alileta vitabu. Jioni walivisoma pamoja, na mke alimsimulia mumewe jinsi baba yake alivyoishi nyumbani na barabarani. Hivyo ndivyo Injili ilivyoanza kuingia katika nyumba ya askari wa zamani: kwa sauti ya mke.

Mwaka 1650 walipata mtoto wa kwanza, msichana, wakamwita Mary. Alizaliwa kipofu. Baadaye walizaliwa Elizabeth, John na Thomas. Bunyan aliwapenda wote, lakini Mary alikuwa karibu na moyo wake kuliko yeyote, na tutaona jinsi upendo huo ulivyomgharimu.

Katika miaka hiyo Bunyan alianza kwenda kanisani. Alipenda kupiga kengele za kanisa, kucheza ngoma na michezo ya Jumapili uwanjani. Siku moja, katikati ya mchezo, alisikia moyoni kama sauti inayomwuliza kama anataka kuacha dhambi na kwenda mbinguni au kubaki nazo na kwenda motoni. Siku nyingine alikuwa akitukana mbele ya dirisha la duka, na mwanamke wa humo, ambaye mwenyewe hakuwa na sifa njema, akamkemea kwamba anawaharibu vijana wote wa mji. Bunyan aliona haya, akaacha kuapa. Majirani walimsifu kwamba amekuwa mtu mpya. Yeye mwenyewe alifurahia sifa hizo. Lakini alikuwa amebadilisha mwenendo tu. Moyo ulikuwa bado.

Wanawake wa mlangoni na mchungaji aliyekuwa adui

Kazi yake ya ufundi ndiyo iliyompeleka mahali pa wokovu. Siku moja alikuwa Bedford kikazi, akapita katika mtaa mmoja, akaona wanawake watatu au wanne maskini wameketi mlangoni wakiota jua. Walikuwa wakizungumza mambo ya Mungu: jinsi Bwana alivyowatembelea, jinsi walivyojiona wenye dhambi, jinsi neema ilivyowafariji. Bunyan alisogea asikilize. Yeye alikuwa mwongeaji sana wa mambo ya dini, lakini maneno yao hakuyaelewa. Walisema kwa furaha ya watu walioonja kitu ambacho yeye hakukionja. Aliondoka akaenda kazini, lakini moyo wake ulibaki pale mlangoni. Akaanza kurudi tena na tena.

Wanawake hao hawakuhubiri na hawakujua wamemsaidia nani. Wahubiri wengi wa Uingereza wa wakati ule wamesahauliwa, lakini mazungumzo ya wamama hao yanakumbukwa hadi leo.

Wao walimpeleka kwa mchungaji wao, John Gifford. Ndugu msomaji, hapa tusimame kidogo. Gifford alikuwa nani? Alikuwa afisa wa jeshi la mfalme, yaani wa upande wa pili wa vita. Mwaka 1648 alikamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Usiku kabla ya kunyongwa, dada yake alikuja kumwona gerezani, akakuta walinzi wamelala kwa ulevi, akamshauri akimbie. Gifford alitoroka, akajificha siku kadhaa katika mtaro, mwishowe akafika Bedford, ambako alifanya kazi ya utabibu. Alikuwa mlevi na mcheza kamari, na aliwachukia sana Wakristo wa mji huo. Kisha Mungu akamgeuza. Mwaka 1650 kikundi cha watu 12 kikaanza kanisa Bedford, na Gifford akawa mchungaji wao wa kwanza.

Kwa hiyo askari wa Bunge alifundishwa njia ya wokovu na afisa wa mfalme. Watu wawili ambao miaka michache nyuma wangeweza kuuana walikaa sasa katika nyumba moja na Biblia moja. Hayo ndiyo Paulo anayoyaandikia Waefeso: Kristo ndiye amani yetu, amebomoa ukuta wa uadui. Bedford halikuwa fundisho la mimbarani tu. Watu waliliona kwa macho.

Hata hivyo Bunyan hakupata amani kwa siku moja. Alipita miaka ya mateso ya ndani. Aliamini kwamba amefanya dhambi isiyosameheka, kwamba yeye ni kama Esau wa Waebrania 12 aliyeuza urithi wake na hakupata tena nafasi. Alisikia mawazo yakimshambulia usiku na mchana. Siku moja akapata nakala ya zamani ya ufafanuzi wa Martin Luther juu ya Wagalatia, imechakaa hata karibu kuachana. Alipoisoma aliona hali yake imeandikwa humo, kana kwamba Luther alikuwa ameuona moyo wake. Polepole alielewa kwamba haki yake haiko ndani yake, iko mbinguni, kwa Kristo, na haibadiliki kwa sababu ya siku njema au siku mbaya za moyo wake.

Fundi anayehubiri

Mwaka 1655 Gifford alifariki. Kabla ya kufa aliliandikia kanisa lake barua akiwasihi wasigawanyike kwa sababu ya mambo ya nje, hata ubatizo. Bunyan alishika urithi huo. Baadaye aliandika kitabu kizima, mwaka 1673, akitetea kwamba tofauti kuhusu ubatizo wa maji zisiwazuie Wakristo kushiriki meza moja. Alipigwa maneno kwa ajili hiyo na ndugu waliokuwa karibu naye. Kwetu, ambako jumuiya nyingi za Kiprotestanti zinaishi chini ya paa moja, jambo hilo si geni.

Katika miaka hiyo ndugu walianza kumwomba atoe neno. Alianza kwa woga, katika vikundi vidogo, kisha vijijini na mashambani. Watu walikuja kwa mamia kumsikia fundi wa masufuria. Wasomi walimcheka: mtu asiyejua Kigiriki wala Kilatini atafundisha nini? Mwaka 1656 alitoa kitabu chake cha kwanza, cha kubishana na Wakweka. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia. Muda huo wote hakuacha kazi ya mikono. Siku za juma alilehemu, na alipopata nafasi alihubiri, kama Paulo alivyoshona mahema Korintho.

Mwaka 1658 mke wake alifariki, akamwachia watoto wanne, mkubwa wao ndiye Mary asiyeona. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth, mke wa kijana, ambaye alikubali kuwa mama wa watoto hao wote.

Kukamatwa

Mwaka 1660 ufalme ulirudi Uingereza. Charles wa Pili aliketi kwenye kiti cha baba yake aliyekuwa ameuawa mwaka 1649. Watawala wapya waliogopa mikutano ya maombi nje ya kanisa la serikali, kwa sababu waliona ndani yake watu wengi waliotumikia jeshi la Bunge. Walidhani kwamba nyuma ya maombi kuna mipango ya vita.

Tarehe 12 Novemba 1660 Bunyan alialikwa kuhubiri katika kijiji cha Lower Samsell. Rafiki zake walimwonya kwamba amri ya kumkamata imekwisha kutolewa. Aliweza kukimbia. Alitembea shambani akifikiri, akaamua kurudi, kwa sababu aliona kwamba akikimbia yeye, waamini wachanga wataogopa. Askari waliingia mkutano ukiwa umeanza, wakamchukua.

Habari zilipofika nyumbani, Elizabeth alikuwa mjamzito. Kwa mshtuko uchungu ukamshika kabla ya wakati, akateseka siku kadhaa, na mtoto akafa. Hilo ndilo lilikuwa gharama ya kwanza ya kifungo cha Bunyan, na hakulipa yeye, alilipa mke wake.

Mwezi wa Januari 1661 alihukumiwa kwa sheria ya zamani, ya wakati wa malkia Elizabeth wa Kwanza. Mwanzoni mwa mwezi huohuo kikundi cha watu wenye silaha, waliojiita wa Kristo, kilikuwa kimefanya maasi London, na shaka juu ya wahubiri wote iliongezeka. Hukumu ilikuwa hivi: miezi mitatu gerezani, akikataa bado kuacha kuhubiri, afukuzwe nchini, akirudi bila ruhusa, anyongwe. Kumbe miezi mitatu ikawa miaka 12.

Elizabeth mbele ya mahakimu

Wengi wakisimulia maisha ya Bunyan humsahau Elizabeth. Tusimsahau. Mwanamke huyu wa kijijini, aliyetoka kupoteza mtoto, alisafiri hadi London kupeleka ombi kwa wakuu wa Bunge. Wakamwambia jambo hilo liko mikononi mwa mahakimu. Mwezi wa Agosti 1661 mahakimu walipokuja Bedford, aliwaendea mara kadhaa. Mwishowe aliingia katika chumba walimokuwa wamekaa pamoja na wakubwa wengi wa mkoa, akatetemeka, lakini akasema. Alieleza kwamba mume wake alihukumiwa bila kesi ya haki. Alieleza kwamba nyumbani kuna watoto wanne wadogo, mmoja kipofu, na kwamba wanaishi kwa sadaka za watu wema tu.

Hakimu Matthew Hale alimsikiliza kwa huruma na kumweleza njia za sheria anazoweza kufuata. Hakimu Twisden alimkasirikia, akamdharau mume wake kama fundi tu. Elizabeth hakunyamaza, alijibu kwamba anadharauliwa kwa kuwa ni fundi na maskini, ndiyo maana hapati haki. Alitoka akilia. Alisema baadaye kwamba hakulia kwa sababu ya ugumu wa mioyo yao kwake, bali kwa kuwafikiria siku watakapotoa hesabu mbele za Bwana.

Miaka 12

Jambo la kushangaza ni hili: mlango wa gereza la Bunyan ulikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa katika kinywa chake. Kama angeahidi kutohubiri, angerudi nyumbani siku hiyohiyo. Mara nyingi walimjia na ombi hilo. Hakuahidi.

Tusidhani kwamba ilikuwa rahisi. Bunyan mwenyewe anaandika kwamba kutengana na mke na watoto kulimwumiza kuliko kuta za gereza, na zaidi ya wote alimfikiria Mary. Aliwaza mtoto asiyeona akipigwa, akisikia njaa, akiwa uchi kwenye baridi, naye baba yupo hai lakini hawezi kumkinga hata na upepo. Alijiona kama mtu anayeiangusha nyumba yake juu ya vichwa vya mke na watoto wake. Katika giza hilo alishika Maandiko mawili. La kwanza ni Yeremia 49:11, ambapo Mungu anasema kuhusu yatima na wajane. La pili ni habari ya wale ng'ombe wawili wa 1 Samweli 6, waliolivuta sanduku la agano huku wakiwaacha ndama wao nyuma. Ng'ombe walilia njiani, lakini hawakugeuka.

Wala hakukaa akilia tu. Kazi ya kulehemu hakuiweza gerezani, basi akajifunza kazi nyingine: kutengeneza kamba ndefu za kufungia nguo na viatu, zenye ncha za chuma, nazo zikauzwa ili familia ile. Alitengeneza maelfu. Mapokeo yanasimulia kwamba Mary alimletea baba supu gerezani, akipapasa njia peke yake. Mtoto huyo alifariki kabla ya baba yake.

Vitabu vyake gerezani vilikuwa hasa Biblia na historia ya mashahidi ya John Foxe. Alihubiria wafungwa wenzake. Mwaka 1666 alitoa kitabu kinachosimulia jinsi neema ilivyomtafuta, na humo ndimo tunapata mengi ya habari hizi.

Kufunguliwa

Mwezi wa Januari 1672 kanisa la Bedford lilimchagua kuwa mchungaji wake, naye bado alikuwa mfungwa. Mwezi wa Machi mfalme alitangaza uhuru kwa waliokuwa nje ya kanisa la serikali, na Mei Bunyan akapata ruhusa rasmi ya kuhubiri. Kanisa lilinunua ghala la shamba kwa pauni 50, likawa nyumba yao ya ibada. Mwezi wa Septemba jina lake liliandikwa katika msamaha mkubwa wa mfalme. Nani waliutafuta msamaha huo? Ni Wakweka. Waliomba kwa ajili ya ndugu zao waliofungwa, kisha wakakubali majina ya wafungwa wa makanisa mengine yaongezwe. Watu ambao Bunyan aliwapiga kwa kalamu katika kitabu chake cha kwanza ndio waliomfungulia njia. Mungu wetu ana namna yake ya kufundisha.

Mwisho wa mwaka 1676 alifungwa tena, miezi ipatayo sita. Mwaka 1678 Safari ya Msafiri ilichapwa London, na nakala zikaisha upesi. Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1684, nayo inasimulia safari ya mke wa Mkristo na watoto wake. Nafikiri baba aliyeacha familia nyuma miaka 12 hakuweza kuacha kitabu chake kiishie kwa mtu mmoja kufika peke yake. Kati ya vitabu hivyo, mwaka 1682, aliandika pia Vita Vitakatifu, habari ya mji uitwao Nafsi ya Mwanadamu unaozingirwa na majeshi. Humo tunamsikia kijana wa ngome ya Newport Pagnell: anajua jinsi mji unavyozingirwa, na malango yanavyolindwa.

Alijulikana sasa nchi nzima. Lakini mwezi wa Desemba 1685, alipoona hatari ya mateso mapya, alimwandikia Elizabeth hati ya kumpa mali yake yote, ili akikamatwa familia isinyang'anywe. Katika hati hiyo hakujiita mwandishi wala mchungaji. Alijiita fundi wa vyombo vya shaba. Hati ilifichwa ukutani katika nyumba yake, ikagunduliwa karne ya 19 nyumba ilipobomolewa. Alipokufa, mali yake yote haikufika pauni 43. Mwana wake John aliendelea na kazi ya ufundi.

Safari ya mwisho

Mwezi wa Agosti 1688 Bunyan alipanda farasi kwenda mji wa Reading. Kijana mmoja alikuwa amegombana na baba yake, na baba alitaka kumnyima urithi. Bunyan alikwenda kuwapatanisha, akafaulu. Kisha akaelekea London, kilomita zipatazo 60, katika mvua kubwa. Alifika amelowa, kwa rafiki yake John Strudwick, muuza vyakula. Tarehe 19 Agosti alihubiri mara ya mwisho. Homa ikamzidi, na tarehe 31 Agosti akalala katika Bwana, akiwa na miaka 59. Alizikwa London katika makaburi ya Bunhill Fields. Askari aliyeanza vitani kati ya ndugu na ndugu alimaliza kazi yake kwa kupatanisha baba na mwana.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuhusu vijana wetu waliotoka msituni. Katika mikoa yetu ya mashariki vijana wa miaka 16, na hata wadogo zaidi, wamebeba silaha. Wanaporudi, kijiji kinawatazama kwa jicho baya, na wakati mwingine kanisa pia. Bunyan alirudi na mambo matatu yakamshika: kazi ya mikono, mke aliyemsomea, na kanisa ambalo mchungaji wake alikuwa adui wa jana. Tukimpa kijana mahubiri bila kazi, au kazi bila ndugu, tumempa nusu.

Pili, kuhusu kazi. Wachungaji wetu wengi wanalima, wanashona, wanauza chumvi sokoni, na baadhi wanaona haya. Bunyan hakuona haya mpaka mwisho.

Tatu, kuhusu familia, na hapa nasema kwa uangalifu. Kuna watumishi wanaoacha mke na watoto na njaa kisha wanasema ni kwa ajili ya Injili. Wasijifunike kwa jina la Bunyan. Yeye hakuikimbia nyumba yake. Alinyang'anywa, na hata gerezani vidole vyake vilifanya kazi kwa ajili ya chakula cha watoto. Tena Elizabeth hakuweza kusimama kama ndugu wasingemshika mkono. Mtumishi akifungwa, akikimbia vita, au akifariki, swali la kwanza kwa kanisa liwe: mke wake na watoto wamekula nini leo?

Kwa kutafakari katika vikundi:

1. Katika kanisa letu, je, kuna mtu aliyekuwa upande mwingine wa vita? Tumempokea namna gani?
2. Ni nani Elizabeth wa kwetu, anayebeba mzigo wa utumishi wa mwingine bila kuonekana?
3. Mazungumzo yetu mlangoni, tukikaa juani, yanaweza kumpeleka mpita njia kwa Kristo?

Bwana awape amani nyumbani mwenu na awatie nguvu katika kazi ya mikono yenu. Amina.